Kavumu na Bujumbura: nusu saa angani, siku nzima chini

KASENGA, Uvira – Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Kasenga mpaka uwanja wa ndege wa Bujumbura ni karibu kilomita 20 tu. Uwanja wa Kavumu, ulio katika jimbo letu la Kivu Kusini, uko mbali zaidi: karibu kilomita 125. Kati ya Kavumu na Bujumbura pia ni kilomita 125 hivi. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 250 kwa saa ingemaliza njia hiyo kwa nusu saa, bila kuhesabu muda wa kuruka na kutua. Hata saa ya mkononi haibadiliki, maana pande zote mbili zinafuata saa moja.

Chini, mambo ni mengine. Kavumu iko mita 1,720 hivi juu ya usawa wa bahari, Bujumbura mita 787. Ndege inashuka mteremko huo kwa dakika chache, lakini kwa gari ni milima ya Ngomo.

Mlima huo uliwasumbua Wabelgiji pia. Katika miaka ya 1930, mizigo iliyofika kwa meli katika bandari ya Kalundu ilipandishwa gari la moshi, ikapita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Reli iliishia hapo, chini ya milima, na malori yakachukua mizigo mpaka Bukavu, iliyoitwa wakati huo Costermansville. Leo reli hiyo haiko tena. Imebaki barabara ya kitaifa namba 5: Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola. Kutoka hapo msafiri anapanda Ngomo, au anavuka mpaka na kupitia Rwanda ili aingie Bukavu. Mpaka Bukavu ni zaidi ya kilomita 120, na Kavumu iko kilomita 30 hivi mbele.

Wakati wa ukoloni, Ubelgiji ulitawala ng'ambo zote mbili za Ruzizi. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Burundi tarehe 1 Julai 1962. Tangu hapo, mtu wa Uvira anayetaka uwanja ulio karibu naye lazima aonyeshe karatasi Kavimvira na Gatumba. Uwanja huo, tangu 2019, unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, rais wa Burundi aliyeuawa Oktoba 1993.

Halafu vita. Katika Februari 2025 waasi wa M23 waliteka Kavumu, kisha Bukavu. Uwanja wa jimbo ukawa upande mwingine wa mstari wa mapigano. Maelfu ya familia za bonde walivuka Ruzizi, wengine kwa mitumbwi, wakalala katika uwanja wa michezo wa Rugombo kabla ya kupelekwa Musenyi. Desemba mwaka huo vita vilifika Uvira yenyewe, na maelfu wengine wakavuka.

Ndiyo maana kilomita peke yake hazimjibu mzazi anayeuliza safari ya kurudi nyumbani itachukua muda gani. Milima na mto viko palepale tangu zamani. Kinachorefusha au kufupisha njia ni kama barabara iko salama na kama mpaka uko wazi siku hiyo.