Bangi na Kura ya Wananchi California

California ilipiga marufuku bangi mwaka 1913. Katiba ya jimbo hilo huwaruhusu wananchi kupeleka hoja kwenye kura wakikusanya saini za kutosha, na kwa njia hiyo suala la bangi lilirudi mezani mara kadhaa.

Mwaka 1972, Pendekezo la 19 lilitaka mtu mzima asishtakiwe kwa kuvuta bangi. Theluthi mbili ya wapigakura walilikataa. Ukimwi ndio uliogeuza mjadala. Huko San Francisco, Dennis Peron, aliyefiwa na mwenzi wake kwa ugonjwa huo mwaka 1990, alifungua klabu ya kuwauzia wagonjwa bangi ya kupunguza kichefuchefu na kurudisha hamu ya kula. Mwaka 1996, Pendekezo la 215 la bangi ya tiba lilipita kwa takriban asilimia 56.

Mwaka 2010, hoja ya kuhalalisha bangi ya starehe ilishindwa. Hata baadhi ya wakulima wa bangi wa kaunti za Humboldt na Mendocino waliipinga, wakihofia bei kuporomoka. Mwaka 2016, Pendekezo la 64 lilishinda kwa asilimia 57: wenye umri wa miaka 21 na zaidi waliruhusiwa kumiliki gramu 28.5 na kupanda miche sita, na waliowahi kuhukumiwa wakapata haki ya kuomba hukumu zao zipunguzwe au zifutwe. Maduka yenye leseni yalianza kuuza bangi ya starehe Januari 1, 2018, ingawa sheria ya shirikisho iliendelea kuikataza.