Kopa, uru na hesabu ya karata

Ukipita barazani Kilindoni, Mafia, ukasikia kopa, uru, pau na shupaza, ujue hicho ni Kireno: copas, ouros, paus, espadas. Hata karata na turufu wametuachia wao. Walifika pwani hii 1498, Fort Jesus ikawatoka 1698. Wakaenda zao, maneno yakabaki.

Hesabu nayo ni ileile kila mchezo. Tuchukue poka, iliyokulia Marekani karne ya 19. Unaanza na karata mbili. Jozi huja mara 1 tu kati ya 17, kwa hiyo mara nyingi kazi yako ni kutupa mapema. Sasa nne zimefunuliwa mezani, imebaki moja. Una kopa nne, unataka ya tano. Zimebaki 9 kati ya karata 46 usizoziona: karibu 20%. Ukidaiwa sh. 1,000 kuwania sh. 2,000, acha! Hailipi mpaka mezani ziwe zaidi ya sh. 4,100.

Mcheza turufu anayekumbuka zilizotoka anafanya hesabu hiyohiyo bila kalamu. Halafu darasani tunaambiwa uwezekano ni somo gumu. Anayeweka ada kwenye kamari akitegemea bahati ndiye hajahesabu.