Mwenyeji ni Nani?

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini mila ni ipi? Swali hilo limenikaa moyoni tangu harusi moja ya jamaa yetu, pale mzee mmoja aliposimama akataka kila kilichotoka ugenini kiondolewe, ngoma ikiwa ya kwanza. Watu walinyamaza. Mimi niliwakumbuka Wamalay.

Hao ni Waislamu tangu karne nyingi. Hata hivyo, wanapofunga Ramadhani, saumu yao huiita puasa. Pepo kwao ni syurga, moto ni neraka, dhambi ni dosa, na dini yenyewe ni agama. Maneno yote hayo asili yake ni Sanskriti ya Bara Hindi. Huko Terengganu lilionekana jiwe la karne ya 14, lenye maandishi ya Kimalay kwa herufi za Kiarabu. Linaeleza sheria za Kiislamu, lakini Mwenyezi Mungu linamtaja kwa jina la Kihindi: Dewata Mulia Raya. Waliolichonga hawakuona haya. Walimsemesha mwananchi kwa lugha aliyoielewa.

Harusini mwao, bwana na bibi arusi huketishwa juu ya kiti cha enzi, wakaitwa wafalme wa siku moja. Desturi hiyo nayo ina mizizi ya Kihindu.

Kisha wakaja Wareno, wakaiteka Melaka mwaka 1511. Ndio hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Wakaacha meja huko na meza huku; bendera kote kuwili. Kanisa lao, igreja, kwa Wamalay likawa gereja, na maana yake ikabaki kanisa. Kwetu likawa gereza! Neno ni moja, ila kila mwenyeji alilipokea kwa namna yake.

Basi anayetaka kusafisha aanzie wapi? Kelantan walijaribu. Mwaka 1991 serikali ya jimbo hilo ilipiga marufuku maonyesho ya mak yong, mchezo wa kale wa ngoma, nyimbo na hadithi, kwa kuwa una mambo ya kabla ya Uislamu. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa hazina ya wanadamu wote. Jimboni uliruhusiwa mwaka 2019, tena kwa masharti. Kwa miaka hiyo yote wazee waliojua nyimbo hizo walikuwa wakizeeka. Sanaa ya mdomo haina kabati la kuhifadhiwa. Mwenye nayo akifa, huenda nayo.

Simlaumu mtu anayeilinda dini yake. Nasema tu kwamba kilichokaa nyumbani miaka elfu si mgeni tena.

Na yule mzee wetu? Alimaliza hotuba yake akagonga meza. Nikatabasamu, nisimwambie kitu.