Jiwe la Shinkolobwe na Mwanafizikia wa Kongo

Panda ni sehemu ya mji wa Likasi, ambao zamani za Wabelgiji uliitwa Jadotville. Kampuni ya Union Minière ilijenga huko kiwanda cha kuchambulia mawe ya shaba na tanuru za kuyayeyushia, na hata leo mtu akitaja Panda wengi hufikiri shaba. Lakini jiwe lililotikisa ulimwengu lilitoka Shinkolobwe, yapata kilomita 20 kutoka Likasi, lilikogunduliwa mwaka 1915. Hapo kwanza wenye kampuni walitafuta radiamu, iliyouzwa kwa bei ya ajabu kwa kutibu kansa. Urani yenyewe ilihesabiwa karibu kama takataka.

Tupate kufahamu yaliyofuata, yatupasa kujua neno moja: isotopu. Isotopu ni kama mapacha wenye sura moja, ila mmoja amemzidi mwenzake uzito. Katika kila atomu 1000 za urani, karibu 993 ni zile zinazoitwa 238, na 7 tu ni 235. Hizo saba ndizo zipasukazo upesi na kutoa nguvu kubwa. Kuzitenga ni kazi ngumu mno, kwa kuwa dawa za kemia haziwezi kuwabagua mapacha hao. Hutengwa kwa uzito wao tu.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1000 za mawe ya Shinkolobwe, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketea. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Nagasaki. Bomu hili la pili liliwashwa kwa mawimbi ya mshindo. Mchimba migodi ajuaye baruti ataelewa: yeye huitia ndani ya mwamba, nao hupasukia nje. Hapa baruti ilizungushwa pande zote, ikalipuka kwa nukta moja, na mshindo ukaenda ndani ukaliminya donge la plutoni mpaka likawaka.

Je, elimu hiyo ilikuwa ya wageni tu? Monsinyori Luc Gillon, padre na mwanafizikia, mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Lovanium, hakukubali. Aliona kwamba nchi iliyotoa jiwe yastahili pia kupata elimu yake. Tarehe 6 Juni 1959, juu ya kilima karibu na Léopoldville, kiliwashwa kinu cha atomu kilichoitwa Trico, cha kwanza katika Afrika yote. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50, wala hakikuwa cha bomu. Vinu vya namna hii hutengeneza isotopu za kazi njema: mganga humpa mgonjwa iodini kidogo akaona tezi ya shingo inavyofanya kazi, mkulima hutia alama katika mbolea akajua imefika wapi ndani ya mmea.

Mwaka mmoja baadaye ukaja uhuru, na wenye mashaka walidhani kinu kitazimika. Hakikuzimika. Kiongozi wake kwa miaka mingi akawa Mkongo, Profesa Félix Malu wa Kalenga, mhandisi na mwanafizikia, aliyezaliwa mwaka 1936. Katika uongozi wake, mwaka 1972, kiliwashwa kinu cha pili, cha kilowati 1000, yaani mara ishirini ya kile cha kwanza. Twaliona hilo kuwa jambo kubwa kupita heshima zote alizopewa, ijapokuwa hazikuwa ndogo: Papa Yohane Paulo wa Pili alimwita katika Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Aliandika pia kitabu juu ya sayansi na ufundi katika Afrika, historia yake na mafunzo yake. Kumbe mtu wa hesabu na mashine naye alijua kwamba mashine peke yake haitoshi. Hutaka vipuri, hutaka fedha, hutaka vijana waliofundishwa wa kushika mahali pa wazee.

Kinu cha pili kilisimama mwaka 2004. Mwaka uo huo mgodi wa Shinkolobwe, walikokuwa wakichimba watu maskini kwa sururu ijapokuwa serikali imewakataza, uliporomoka ukawafukia baadhi yao. Profesa Malu alifariki mwaka 2011.