Korongo, Heroe na Tausi: Historia Fupi ya Majina ya Ndege Wakubwa

Chini ya kilima cha Wazo, upande wa kaskazini wa jiji la Dar es Salaam, yapo mashamba ya chumvi ya Kunduchi. Hutua humo ndege wa miguu mirefu, wakubwa kwa wadogo, na mtoto wa Wazo akiulizwa ni ndege gani, hujibu kwa neno moja: korongo. Katika mazungumzo, jibu hilo si kosa. Lakini mfasiri wa sheria akilitumia vivyo hivyo, huenda akamtia mtu hatiani, au akamwachilia, kwa sababu ya jina tu. Makala haya yanakusudia kueleza njia ambazo Kiswahili kimezipitia katika kuwapa majina ndege wakubwa wa kupendeza, na funzo tunalolipata humo.

Njia ya kwanza ni kukopa. Tausi, ambaye asili yake ni Bara Hindi, alitufikia na jina la Kiarabu, nalo likakaa kwetu kama mwenyeji. Njia ya pili ni kuunganisha maneno yetu wenyewe. Ndege mmoja wa asili ya Amerika tulimwita batamzinga, ingawa si bata wala hana mzinga. Jina limeshika kwa kuwa hakuna mwingine wa kuchanganywa naye. Njia ya tatu ni kupanua maana ya jina lililopo. Hii ina faida kubwa, na hatari yake si ndogo.

Faida yake yaonekana kwa tausi wa Kongo. Mwaka 1913 James Chapin, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, alipata huko Kongo unyoya asioweza kuutambua. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa, na kibandiko chao kikisema kwamba ni tausi wachanga wa Bara Hindi. Aliukumbuka unyoya wake, akatambua kwamba hao ni ndege wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu walikuwa hawajapata kumwandika. Kibandiko kimoja chenye jina lisilo lake kilikuwa kimemficha. Hata hivyo, kumwita tausi wa Kongo ni halali, kwani ana udugu wa kweli na tausi wa Bara Hindi.

Kwa korongo hali si hiyo. Jina hilo tumempa ndege mwenye taji aliyemo katika bendera ya Uganda tangu mwaka 1962. Tumempa pia yule mwenye upara na mfuko shingoni azoaye mizoga majalalani. Tena yule mwenye mdomo mpana kama kiatu, akaaye katika mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi. Na pengine hata heroe. Kwa wataalamu wa elimu ya viumbe, hao wanne wamo katika oda nne mbalimbali. Mwenye mdomo wa kiatu yu karibu zaidi na mwari, na ndugu wa karibu wa heroe ni vibisi, ndege wadogo wa kuzamia.

Heroe ndilo jina linalosikitisha zaidi. Limo katika kamusi zetu, lakini watu wengi husema flamingo. Kwa maoni yangu, sababu ni kwamba sifa za ndege huyu zilienezwa kutoka maziwa ya bara. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo nchini Kenya, aliunguzwa vibaya miguu na magadi ya Ziwa Natron alipokuwa akiyatafuta mazalio ya heroe wadogo. Ziwa Nakuru likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Vitabu na matangazo ya utalii vikaandikwa kwa Kiingereza, na jina la kigeni likatangulia. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilipata kupitisha rasimu yenye neno flamingo, nikaona haya nilipolikuta heroe kamusini.

Jambo hili si la anasa. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza hazina budi kufasiriwa. Aidha, tangu mwaka 1979 Tanzania imo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Heroe na ndege mwenye taji wamo katika majedwali yake. Yule wa majalalani hayumo. Mfasiri akiwaandika wote korongo, hakimu atamtambuaje aliyelindwa?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Korongo libaki jina la jumla katika mazungumzo, ila katika maandishi rasmi lifuatwe na sifa, kama korongo taji. Heroe lirudishwe kazini, kwa heroe mkubwa na heroe mdogo. Naye aelezwe kwa rangi yake ya waridi itokanayo na chakula, na kwa desturi yake ya kuchuja maji hali ameinamisha kichwa juu chini. Mwisho, kabla ya kukopa au kubuni, tufungue kwanza ghala letu. Walimu nao wawaulize wavuvi na wazee wa pwani, kwani huenda jina tunalolihangaikia limo vinywani mwao.