Msitu wa Kale na Malisho ya Ardhi ya Chokaa

Katika taaluma ya uhifadhi nchini Uingereza, istilahi ya msitu wa kale (kwa Kiingereza, ancient woodland) hupima muda ambao ardhi imekuwa msitu, wala haihusu moja kwa moja umri wa miti iliyosimama juu yake. Kwa England na Wales, msitu huitwa wa kale endapo mahali ulipo pamekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600, na kwa Scotland mpaka uliowekwa ni mwaka 1750. Sababu ya kuuchagua mwaka 1600 ni kwamba kabla yake upandaji wa misitu ulikuwa nadra, kwa hiyo msitu uliokuwapo wakati huo yaelekea ulijiotea wenyewe.

Kwa maana hiyo, msitu wa kale unaweza kuwa na mashina machanga, kwa kuwa kwa karne nyingi wenyeji waliikata miti karibu na ardhi, wakaacha visiki vichipue, kisha wakavuna machipukizi kwa ajili ya kuni, mkaa na fito. Ukale wenyewe hutambulikana zaidi katika udongo usiowahi kulimwa na katika mimea ya chini kama Hyacinthoides non-scripta, yenye maua ya buluu, ambayo huenea polepole mno hata msitu mpya ukakaa miaka mingi bila kuipata.

Kuitafsiri istilahi hiyo kuwa msitu mkongwe, basi, humpeleka msomaji kwenye miti mizee, ilhali msitu wa asili, istilahi inayotumiwa na wanamisitu wa Afrika Mashariki kuutenga na msitu wa kupandwa, hueleza chanzo cha miti bila kutaja muda, na yaweza kuhusu hata kichaka kilichoota juu ya shamba lililoachwa juzi. Neno kale ndilo linalofaa, kwani hubeba wazo la wakati na huruhusu pia kutaja ardhi ya msitu wa kale ambayo miti yake ya awali imekatwa na kupandwa misonobari.

Istilahi ya pili, malisho ya ardhi ya chokaa, huonekana vizuri katika Wytham Woods, karibu na mji wa Oxford, eneo la hekta zipatazo 400 linalomilikiwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ambako ndege wa spishi ya Parus major wamechunguzwa bila kukoma tangu mwaka 1947. Humo msitu wa kale hupakana na nyasi zinazoota juu ya mawe ya chokaa yaliyotokana kwa sehemu na matumbawe ya bahari ya zama za Jurasi. Udongo wake ni mwembamba, hupitisha maji upesi na una fosforasi kidogo, hivyo nyasi zenye nguvu hushindwa kutawala, na katika malisho bora ya aina hii mita moja ya mraba huweza kuwa na spishi 40 za mimea.

Kuyaita mazingira hayo mbuga hakufai, kwa sababu neno hilo humkumbusha msomaji hifadhi ya wanyamapori au bonde tambarare la udongo mweusi wa mfinyanzi. Malisho ya ardhi ya chokaa ni tafsiri bora, maana hutaja pia kinachoyadumisha: kondoo au sungura wasipolisha, vichaka huingia na maua hupotea, kama ilivyotokea katika sehemu nyingi za Uingereza baada ya ugonjwa wa miksomatosisi kuwaangamiza sungura kuanzia mwaka 1953.

Eneo lenye mazingira ya namna hii huweza kutangazwa kuwa eneo lenye umuhimu maalumu wa kisayansi, hadhi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1949. Kuliita hifadhi bila maelezo hupotosha, kwa kuwa ardhi hubaki kwa mwenyewe, awe mtu binafsi, kampuni au chuo, naye huhitaji idhini ya mamlaka kabla ya kufanya shughuli zilizoorodheshwa, kama kulima au kutia mbolea. Msomaji anayelielewa neno hifadhi kuwa ni kuwatoa watu na mifugo angedhani kwamba kuliacha eneo hilo peke yake kunalilinda, ilhali malisho yake yangegeuka kichaka.