Taarifa ya Habari Katika Nchi ya Meru na Embu

Msomaji, huenda umezoea kuisikia taarifa ya habari kama usikiavyo mvua juu ya bati: yaja, yapita, wala huulizi imetoka wapi. Lakini kila taarifa isomwayo redioni imetengenezwa na watu, na kabla haijasomwa yuko aliyeamua lipi litangulie, lipi lifuate, na lipi liachwe kabisa. Historia ya habari za redio katika nchi ya Meru na Embu ni historia ya uamuzi huo, na ya mikono iliyoushika.

Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mkulima wa Imenti au wa Runyenjes hakuhesabiwa miongoni mwa wasikilizaji. Mwaka 1964, baada ya uhuru, serikali ililitwaa shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya. Na redio ndogo zitumiazo betri zilipoenea vijijini, hata nyumba isiyo na umeme iliweza kupata habari. Kimeru nacho kilisikika katika vipindi vya lugha za kienyeji. Hata hivyo uamuzi ulibaki Nairobi. Desturi ilikuwa shughuli za Rais zitangulie, mawaziri wafuate, na mambo ya wilayani yapewe nafasi iliyosalia, kama ilisalia.

Wasikilizaji waliyaamini maneno kwa kuwa waliifahamu sauti. Hatari ya jambo hilo ilidhihirika tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa walipokiteka kituo cha Sauti ya Kenya wakamlazimisha mtangazaji mashuhuri, Leonard Mambo Mbotela, kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ilikuwa ileile ya siku zote. Aliyetoa maneno alikuwa mwingine. Siku hiyohiyo askari watiifu kwa serikali walikikomboa kituo. Jifunze hapa kwamba msomaji wa habari siye mwenye habari.

Katika miaka ya 1990 milango ya utangazaji ilifunguliwa kwa watu binafsi, na baada ya mwaka 2000 vituo vya lugha za kienyeji vikaongezeka. Ndipo wenyeji wa Meru walipopata Muuga FM, na wenyeji wa Embu na Mbeere wakapata Wimwaro FM. Uamuzi sasa ukasogea karibu na nyumbani.

Basi tazama jinsi taarifa itengenezwavyo. Mwandishi aliye Maua, Chuka au Siakago huenda kikaoni, mahakamani au sokoni, huwauliza mashahidi, kisha hupeleka maelezo yake kwa simu pamoja na sauti alizozirekodi. Mhariri huyapima: Je, ni kweli? Nani amethibitisha? Yanawahusu watu wangapi? Habari za Nairobi na za ng'ambo, ambazo hufika kwa Kiingereza au Kiswahili, hupewa mfasiri. Kazi yake si nyepesi, kwa maana usemi wa Igembe si sawa na wa Imenti, wala wa Imenti si sawa na wa Chuka. Akiteua neno vibaya, nusu ya wasikilizaji watapotea njiani.

Mpangilio nao una sababu zake. Kwanza huja muhtasari, kisha habari kwa ukamilifu, kisha michezo na hali ya hewa, na mwisho muhtasari hurudiwa. Anayesoma gazeti aweza kurudia ukurasa. Anayesikiliza redio huku akikama ng'ombe hawezi. Kwa hiyo sentensi hufanywa fupi, na jambo kubwa hutajwa mara mbili. Tena muda ni mchache. Msomaji akisoma maneno 120 kwa dakika, taarifa ya dakika 5 ina nafasi ya maneno 600 tu, karibu sawa na insha hii. Kila jambo linaloingia humtoa jingine.

Chukua mfano. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza iliharamisha miraa. Kwa watu wengi wa London lilikuwa jambo dogo. Kwa mkulima wa Igembe lilikuwa karo ya watoto wake. Mhariri wa Nairobi angeweza kuiweka habari hiyo katikati ya taarifa, naye mhariri wa Meru akaifanya ya kwanza, na hakuna kati yao ambaye angekuwa amesema uongo. Kila mmoja angekuwa amemkumbuka msikilizaji wake.

Lakini ukaribu nao una mtego wake. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikalisimamisha agizo hilo. Mwandishi ambaye jirani zake wanaishi kwa muguka hushawishika kutangaza kilio cha mkulima peke yake. Haki yataka atangaze pia hofu ya mzazi wa Mombasa kwa ajili ya mwanawe. Usidhani hili ni jambo dogo. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki, katika ripoti yake ya mwaka 2008, ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kienyeji kuwa zilichangia kueneza chuki. Lugha ya mama huingia moyoni upesi, iwe imebeba kweli au imebeba sumu.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoisikia taarifa ya habari, jiulize maswali matatu: Kwa nini jambo hili limetangulia? Ni nani aliyeshuhudia? Na ni nani ambaye sauti yake haikusikika? Wahenga walisema kwamba habari ya uongo ina ncha saba. Asiyeuliza huchomwa na ncha hizo, kisha naye huwachoma wenziwe.